Siku ya Tatu, Jembe

Saa nane mchana Kisumu umeme ukakatika,
feni ikafa shingo upande,
na salamanda wangu kumi na mmoja, wana wa maji baridi,
wakaanza kutikisa matamvua yao mekundu upesi upesi.
Nikashuka hadi Dunga kununua barafu
kwa mama anayeuza mbuta.
"Wewe una samaki gani, daktari?"
Si samaki, mama, wala si mjusi.
Huyu ukimkata mguu anaota mwingine,
mfupa, mshipa, na vidole vyote vinne.
Akacheka hadi akashika kiuno.
Akaniongezea bonge moja, bei ya uongo mzuri.

Kwenye meza yangu kuna kitone kisichozidi chozi.
Ndani yake virusi, wengi kuliko watu wa Nyanza nzima.
Tumewafanya kama mama yule anavyofanya mbuta:
tumetoa utumbo, tumetoa mayai,
tumebakiza gamba.
Ndani ya gamba tumekunja barua
ya herufi nne zinazorudiana, zinazorudiana:
jeni ya nuru ya kijani
tuliyomwazima konyeza wa bahari ya mbali.
Alikuwa mwizi, leo ni tarishi,
tarishi asiye na uzao wala nauli ya kurudi.

Machi tulirudishwa mlangoni.
Mei tulirudishwa tena.
Seli ya salamanda haifungui kwa kila abishaye hodi;
mjumbe anayepokewa kwa panya, kwa binadamu,
hapa aliachwa uani na barua yake mkononi.
Basi tukambadilisha koti.
Hili ni la saba.
Nikashika sindano nyembamba kuliko unywele,
nikaiingiza kwenye kigutu cha siku kumi na mbili,
pale chipukizi linapojikusanya
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Mgeni siku ya kwanza: giza.

Siku ya pili: giza, na simu ya Asava kutoka Muhoroni.
Kaka yangu hasemi sana tangu mashine ya miwa
ilipochukua vidole vitatu vya mkono wa kulia
na kiwanda kikamlipa kwa sukari na pole.
Aliwahi kuuliza mara moja tu, "Na mimi je?"
Nikamwambia kweli, nayo kweli haikuwa tamu:
barua yako, Asava, hakuna anayejua kuiandika.
Sisi bado tunatafuta swichi ukutani.
Tunataka kuona ni seli gani zinazoamka usiku
na kuanza kujenga bila fundi.
Akasema, "Haya." Akakata.

Siku ya tatu akaja mwenyewe,
na mkungu wa ndizi begani.
Nikazima taa ya chumba.
Akainama kwenye darubini, jicho moja kalifumba,
akazungusha kirungu kwa vile vidole viwili,
taratibu, kama anayetafuta stesheni ya redio.
Akanyamaza muda mrefu hata nikaogopa.
Kisha akaanza kuhesabu.
Moja. Nne. Tisa.
Akafika kumi na saba, akapotea, akaanza upya.
"Ni kama Kisumu," akasema,
"ukiitazama usiku kutoka vilima vya Maragoli,
siku ambayo hawajakata stima."

Mgeni amepewa jembe, nikamwambia. Analima.
"Nimeona. Na shamba ni la nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na daftari,
nikaandika: koti la saba, siku ya tatu, kumi na saba,
labda kumi na nane.
Ndipo umeme ukakatika tena.
Gizani tukasikia maji yakitikisika,
salamanda wakiuliza kwa lugha yao
barafu iko wapi.
Tukaliinua bonge pamoja, yeye na mimi,
na Asava, bila kuambiwa,
akashika upande mzito.